Spana ya Gisubizo

Jumamosi asubuhi Samy alitandika gunia juu ya mawe meusi ya volkano, ili nati zisipotelee mashimoni, akailaza pikipiki. Mnyororo ulikuwa umelegea mpaka unagonga. Kuukaza ni kazi ndogo: unalegeza nati ya ekseli ya nyuma, unavuta gurudumu, unafunga. Ila nati ile haikutoka kiwandani. Gisubizo, marehemu mume wa Léoncie, aliichonga kwa chuma cha lori lililoungua vitani, kisha akaitengenezea spana yake. Samy alipomwoa mjane alipata na pikipiki. Spana hakuipata.

Alizunguka Birere yote, mtaa wa wauza vyuma, akitafuta spana ya kuitosha.

"Vingt-deux haiingie, vingt-quatre inacheza," walimwambia kila walipojaribu spana za namba 22 na 24. "Muulize mwenyewe."

Mwenyewe, yaani marehemu Gisubizo, alikuja saa kumi alasiri, kama kawaida yake, amevaa salopeti, ovaroli yake ya fundi, yenye tundu la risasi kifuani. Alisalimu, akakaa kwenye kiti cha Samy. Léoncie akamletea ugali wa fufu na vidagaa vya sambaza vya moto.

"Papa Bénie," alisema, kwa jina la binti yao, "bamekwisha kukuzika?"

"Bado, mama."

Mwili wake ulikuwa umelala ukingoni mwa barabara, Kalengera, tangu siku watu walipokimbia vita, na hakuna aliyeweza kurudi kule. Mgeni alikula, akatoa spana mfukoni, akakaza mnyororo, akairudisha mfukoni. Samy roho ilimuuma. Watu husema ukewenza ni wa wanawake. Waje wamuulize Samy. Yeye mwenye pumzi zake aliitwa "Samy" tu, kama mpangaji.

Alimsindikiza mgeni hadi njiani.

"Muzee, uniachie ile clé," Samy aliomba, akiionyesha spana mfukoni mwake.

"Yenyewe iko kule, mu mufuko yangu," marehemu alijibu kwa upole. "Hii inanifwata tu. Mutu akinizika, aichukue."

Mnyororo ulipolegea tena, Samy alifunga jembe nyuma ya pikipiki aende Kalengera. Si huruma iliyomtuma, tusidanganyane. Alitaka kumfukia yule bwana sawasawa, kaburi refu, udongo wa kutosha juu yake, arudi na spana na asimwone tena kwenye kiti chake. Léoncie alimpa shuka nyeupe ya sanda aliyoikunja vizuri.

Kizuizini, Kibumba, wenye silaha walimsimamisha. Mbele kulikuwa na mapigano. Walitazama kitambulisho wakamrudishia, wakatazama jembe wakabaki nalo. Samy aligeuza, mnyororo ukiruka meno njia nzima.

Nyumbani alimkuta Gisubizo amekwisha fika. Yeye hupita vizuizini bila kuulizwa chochote, na Samy alimwonea wivu hata kwa hilo.

"Ulifika wapi?" marehemu aliuliza.

"Kibumba. Banafunga barabara."

"Ulijaribu, ndugu yangu. Aksanti." Akainama kwenye gurudumu.

Léoncie aliipokea shuka. Aliitazama ikiwa bado imekunjwa vilevile alivyoikunja, akakaa chini kwenye mawe, akalia kwa sauti. Samy hakuwa amewahi kumwona akilia. Alitamani mno kujua anamlilia nani kati yao. Wanaume wote wawili walingoja, mmoja ameshika spana, mwingine ameishika pikipiki isianguke, na hakuna aliyethubutu kuuliza.