Shangazi Naondoka

Daktari wa meno alikuwa amechoka hata kabla ya kukaa ofisini kwa mshenga. Asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kung'oa magego manne, na mgongo ulimuuma kama wa mtu aliyelima. Miaka arobaini kasoro mmoja, hana mume, wala hana nafasi ya kumtafuta. Ndiyo maana alimlipa mshenga. Mama yake alicheka mpaka akatoka machozi. "Ushenga wa risiti!" alisema. Na acheke. Mashangazi wa bure walikuwa wamemletea wanaume watatu, na wote watatu walikuwa na meno mabovu.

Mshenga huyu alikuwa na sharti moja: mteja aje na ndugu wa kutaja kasoro zake, na mwenyewe akae kimya. Sifa, alisema, kila mtu huja nazo mfukoni. Daktari akaja na wifi yake, mke wa kaka yake, mwanamke mpole asiyejua kumsema mtu.

"Wifi yangu hana baya," alianza. "Msibani yumo, harusini yumo."

"Hukaa mpaka saa ngapi?" mshenga akauliza.

Wifi akatazama sakafu. "Hakai. Hata viatu havui. Akifika tu, 'Sikai, naondoka.' Mwanangu ana miaka sita, anamwita Shangazi Naondoka. Sote nyumbani tunamwita hivyo. Unisamehe, wifi."

Daktari alifumbua mdomo, akakumbuka sharti, akaufumba. Iliuma. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia. Ilibidi alipie ndipo aambiwe.

Mshenga akafunga faili. "Mume ninaye, tena mtu wa maana. Lakini nikikupa leo utamwacha mlangoni kama unavyowaacha hawa. Nenda kwa kaka yako Alhamisi nne, ukae saa nzima kila Alhamisi. Kisha tuongee."

"Nimekulipa unitafutie mume, si unipe adhabu."

"Haraka haraka, dada yangu..."

"Usinimalizie," daktari alisema.

Alhamisi ya kwanza alifika jioni, macho mazito, simu ikitetemeka mkobani. Saa ile alitamani kitanda chake kuliko mume yeyote. Binti wa kaka yake, yule wa miaka sita, alimfungulia, akamwamkia vizuri, "Shikamoo, shangazi," kisha akabaki amesimama, ameushika mlango wazi, mbu wakijiingilia.

"Marahaba. Mbona hufungi?"

"Si unaondoka?"

Hakuwa na kejeli hata chembe. Alikuwa anamsaidia tu.

Daktari alisimama pale akiwa na maneno yaleyale ulimini, yale ya siku zote, akayameza. Akainama, mgongo ukilalamika, akaanza kufungua kamba za viatu. Mtoto alitazama kiatu cha kwanza kikivuliwa, kisha cha pili. Akamwita mama yake aje aone. Lakini mlango hakuufunga.