Mkono Uko Chini

Tangu amri ya kukaa ndani kwa sababu ya ugonjwa itangazwe, binti yule alikuwa ameumaliza ukumbi wa nyumba yao kwa miguu. Kutoka mlango wa choo hadi kwenye cherehani ya mama yake, kisha kurudi. Wenzake wa timu ya mbio za kupokezana vijiti walimwita Wa Tatu, kwa kuwa ndiye aliyekimbia zamu ya tatu, na jina lilimganda mpaka mama mzazi akawa analitumia, hasa akikasirika.

"Wa Tatu, keti. Unanizungusha kichwa. Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutaga."

"Nikiketi miguu inawasha, mama."

"Basi ikune."

Aliketi. Goti likaanza kucheza lenyewe. Akasimama, akaanza kuruka papo hapo, na jirani wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Siku hizi bwana yule hakuwa na kazi nyingine ila kumvizia.

Usingizi ulimpaa. Chakula alikifakamia bila njaa, au alikisukuma pembeni. Alimfokea mama yake kwa sababu ya kijiko, kisha akajifungia bafuni akalia, akaona aibu kulia kwa kijiko. Na kila alipoamka aliyaminya mapaja yake kama mtu anayechagua parachichi sokoni, akayaona yanalegea.

Ahueni ilikuwa moja tu. Kila nyumba iliruhusiwa kumtoa mtu mmoja asubuhi akanunue chakula, na Wa Tatu alimnyang'anya mama yake zamu hiyo mchana kweupe. Nyuma ya soko palikuwa na uchochoro ulionyooka. Alikuwa akifika pale anaweka kikapu chini, anachungulia kama kuna askari, kisha mguu niponye mpaka ukutani. Akirudi nyumbani alikuwa mtu wa kuongeleka kwa muda, angalau hadi mchana.

Kocha naye hakuwa na subira. Alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi lao la simu: "Asiyeleta video ya mazoezi kufikia Ijumaa nitajua ameacha. Nafasi yake ina watu." Wa Kwanza alituma. Wa Mwisho alituma, akiruka kamba jikoni huku sufuria zikitikisika. Wa Tatu alituma. Wa Pili, kimya.

Wa Pili ndiye aliyemkabidhi kijiti. Katika mbio hizo mpokeaji hatazami nyuma. Anaanza kukimbia, ananyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, na kusubiri neno moja: "Shika." Kwa hiyo Wa Tatu hakuwahi kuuona uso wa mwenzake akimfikia. Alimjua kwa pumzi zake, na kwa lawama zake.

"Mkono wako uko chini," Wa Pili alimwambia kila baada ya mazoezi.

"Mkono uko sawa. Wewe ndiye mfupi."

Hawakukubaliana hata siku moja.

Alhamisi Wa Tatu alimpigia simu akiwa amefura. Wa Pili akiondolewa angeletewa mgeni asiyeujua mkono wake, na kazi yao yote ingekwenda na maji.

"Upo?"

"Nipo tu."

"Video iko wapi? Ijumaa ni kesho."

"Nitatuma."

"Lini? Kocha hana mzaha safari hii."

"Nimesema nitatuma." Simu ikakatwa.

Wa Tatu akarudi kuzunguka ukumbi. Kuna kitu kilikuwa kinamkwaruza na hakukijua.

"Mwenzako anasemaje?" mama yake aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Anasema yupo tu."

Alipolitamka ndipo alipolisikia. Wa Pili hakuwa mtu wa kusema "nipo". Ukimuuliza kama yupo alijibu "tupo", na ukimuuliza yeye na nani, alisema yeye na miguu yake. Mzaha huo ulikuwa umewachosha wote, na kocha alikuwa ameupiga marufuku. Sasa miguu imekwenda wapi? Hasira ilimtoka, hofu ikaingia mahali pake.

Asubuhi alichukua kikapu. Kwenye njia panda, uchochoro ulikuwa kushoto, kwa Wa Pili ni kulia, na muda walioruhusiwa haukutosha sehemu zote mbili. Miguu ilitaka kushoto. Aliona haya jinsi ilivyotaka. Akashika njia ya kulia, akitembea kama watu wengine.

Alifunguliwa na mjomba wa Wa Pili, fundi viatu, barakoa ikiwa kidevuni. Alipomwona mgeni akaipandisha.

"Amelala," alisema. "Siku hizi ni kulala tu. Sahani naiweka mlangoni, naikuta vilevile. Nimebembeleza, nimefoka, nimeishiwa. Ndani sikukaribishi, mwanangu, kifua changu kibovu. Zunguka dirishani."

Dirisha lilikuwa wazi nyuma ya nondo, pazia limeshushwa.

"Wa Pili."

Kitanda kililia kidogo. "Nenda nyumbani. Mwambie kocha atafute mtu. Kuoga kwenyewe kunanishinda, nitakimbiaje?"

Njia nzima Wa Tatu alikuwa amepanga maneno, ya kutia moyo na ya kugomba. Yote aliyaacha. Akageuka, akalipa dirisha mgongo, akapitisha mkono nyuma kati ya nondo, kiganja wazi.

Akasubiri, na kusubiri kulimtesa. Bega liliwaka moto. Vidole vya miguu vilichimba mchanga. Mjomba alichungulia kwenye kona ya nyumba, akaondoka. Muda ulikuwa unayoyoma, kikapu kitupu, na kila kiungo kilimwambia aondoke, au walau ageuke atazame. Aliogopa kwamba mkono ule ungerudi mtupu. Hakugeuka.

Kitanda kililia tena. Nyayo ziliburuzwa sakafuni, zikasimama karibu.

"Mkono wako uko chini."

Safari hii hakubisha. Aliuinua.

"Shika," alisema Wa Pili, na vidole vyake vya baridi vikaingia kiganjani. Kugusana kulikatazwa, na wote wawili walijua. Wa Tatu alishika, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kupokea, hakuondoka.