Miji Mitano kwa Siku Tisa

Mume wangu alipanga safari za watu kwa miaka thelathini na mmoja. Basi lipi litoke saa ngapi, dereva gani apumzike wapi, gari likiharibika njiani lipi liende kuwachukua abiria, yote hayo yalitoka kichwani mwake yakaingia kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani pale kituoni. Madereva walimwita Dakika, na si kwa mapenzi. Mimi ni fundi cherehani. Katika ndoa yetu kazi yangu ilikuwa kushona, kulea, na kutazama chakula chake kikipoa mezani.

Alipostaafu, binti yetu, ambaye ni muuguzi na mkono wake si wa birika, alitukatia tiketi za ndege. Moja ya kwenda, moja ya kurudi, na siku tisa katikati. Nchi yenyewe hatukuijua hata kwa kusimuliwa. Alisema ameichagua kwa sababu hiyo hiyo, maana huko hatuna maiti wa kuzika, hatuna shangazi wa kujulia hali, wala hakuna harusi ya mtu. Tukatembee tu. Miji gani tuende na siku ngapi tukae, alituachia wenyewe.

Hilo la kutembea tu lilitusumbua kuliko alivyodhani. Watu wa rika letu hatusafiri bila sababu. Jirani aliyekuja kuchukua gauni lake aliniuliza tunakwenda kwa nani. Nikamwambia hatuendi kwa mtu. Akauliza basi tutafikia wapi. Nikasema hotelini. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee anaumwa, kwa kuwa alidhani tunakwenda kutafuta matibabu na tunaficha.

Mzee hakuwa anaumwa isipokuwa ugonjwa wa kukosa kazi. Wiki tatu za mwanzo za kustaafu alihamisha vyombo vyangu vyote vya jikoni ili, kama alivyosema, njia ya kutoka jikoni hadi mezani iwe fupi. Chumvi niliitafuta siku mbili. Kwa hiyo aliposema ratiba ya safari ataipanga yeye, nilishukuru Mungu. Alitwaa meza ya kulia, akatandaza ramani, akachonga penseli nne. Majina ya miji ile yalituvunja ulimi, tukaamua kuiita Wa Kwanza, Wa Pili, hadi Wa Tano. Nikichungulia, alifunika kwa kiganja. Alisema ratiba haionyeshwi ikiwa mbichi.

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka, maana nimewachoka wanawake wanaosema hawataki kitu. Nilitaka kukaa na mume wangu. Tangu tuoane hatukuwahi kusafiri pamoja hata mara moja. Kila nilipokuwa na safari alinikatia tiketi, akanichagulia kiti, akanipungia mkono, akarudi kwenye karatasi zake. Niliona kwamba siku hizi tisa zikipita bila sisi kujuana upya, tutarudi kuzeeka kila mtu na upande wake wa nyumba. Na hilo lilinitisha.

Siku ya nane tangu aanze kupanga, mchana, aliniletea karatasi yake kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa. Sina budi kusema kweli, ilikuwa karatasi nzuri. Mistari imenyooka, safu ya kufika, safu ya kuondoka, na safu ya tatu aliyoiandika Akiba. Nikaanza kuifuata kwa kidole. Wa Kwanza tunafika saa tisa alasiri, tunaondoka kesho yake saa moja asubuhi. Wa Pili tunaingia jioni, tunatoka alfajiri. Wa Tatu tunafika saa nne, tunaondoka saa saba.

"Tukifika Wa Tatu tunafanya nini?" nikamuuliza.

"Tunabadilisha treni."

"Na hizo saa tatu?"

"Hiyo akiba. Treni ya kwanza ikichelewa tusije tukakosa ya pili."

"Na isipochelewa?"

Alifikiri. Namjua, hakuwa anatania, alifikiri kweli. "Basi tutakuwa tumewahi," akasema.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia hata mimi kwenye gauni huacha akiba ya mshono, lakini hapa naona akiba tupu, gauni lenyewe liko wapi? Nikamuuliza ameichagua vipi miji hii mitano. Akasema reli zake zinaungana vizuri. Kuna nini huko, bustani, makumbusho, soko, mto? Hilo hakuwa amelisoma. Mtu aliyesafirisha nusu ya nchi hakujua mtu anasafiri ili iweje. Ndiyo maana wakasema mganga hajigangi.

Kisha macho yangu yakapanda juu ya karatasi, kwenye kona, alipozoea kujaza idadi ya watu. Palikuwa pameandikwa: Abiria, 1. Na chini yake: Msimamizi, 1.

Nikamuuliza abiria ni nani. Akasema ni mimi. Wala hakuona ajabu yoyote. Yeye ni msimamizi wa safari. Akanionyesha na viti alivyonuia kuomba. Treni saba, na katika zote saba mimi nimekaa namba kumi na nne, dirishani, katikati ya behewa pasipotikisika sana. Yeye namba moja, mlangoni. Akanieleza, kama anayemwelekeza dereva mgeni, kwamba mtu wa usafiri hakai na abiria. Kazini kwao ilikuwa mwiko. Mfanyakazi akipanda gari hukaa mbele, akikutwa kiti cha nyuma anapiga soga na abiria, anaandikiwa barua. Miaka thelathini na mmoja alikuwa anaandika barua hizo yeye mwenyewe.

Kicheko kilinikauka. Nikamtolea uvivu.

"Maisha yote umenichagulia kiti kizuri, na kila mara pembeni yangu amekaa mtu nisiyemjua. Kama mpango ndio huu, Baba, nenda. Mimi nabaki na cherehani yangu."

Nikamgeuzia mgongo, nikakanyaga cherehani. Niliumia, tena niliumia sana, na pindo la sketi ya mteja likaenda mrama hadi ikabidi nilifumue lote. Nilimsikia akiikunja karatasi, akatoka. Nikajua ndiyo basi. Nikaanza hata kupanga nitakavyomwambia binti yetu arudishe tiketi.

Baada ya muda akarudi. Akakaa kwenye kile kigoda wanachokalia wateja wakisubiri nguo zao. Kigoda ni kifupi na yeye ni mrefu, magoti yakamfika kifuani. Alikaa hivyo mpaka nikamaliza kufumua.

"Mimi sijui mtu akishafika anafanya nini," akasema.

Nilimwacha aendelee.

"Kazi yangu ilikuwa inaisha gari likifika. Wakipiga simu kwamba limefika salama, naweka alama, nakwenda kwenye gari jingine. Sasa nikifikiria niko mjini kwa watu, mikono mitupu, sina ninachongoja, naona nimepotea. Nikiwa msimamizi angalau nina la kushika."

Hasira ilinitoka nusu. Nusu tu, mimi si malaika. Nikavuta kiti changu karibu na kigoda chake, nikamwambia hata mimi sijui, hakuna aliyetufundisha, tutajifunza wote wawili na tukikosea hakuna wa kutuandikia barua. Nikataka miji miwili. Akataka minne. Akabishana kama mteja anayetaka vifungo vya bure, tukasimama kwenye mitatu, siku tatu kila mmoja, treni za mchana, viti pamoja. Msimamizi awe nani? Nikasema hakuna msimamizi. Akasema sawa, lakini ile sawa yake niliisikia haikuwa na miguu.

Kesho yake asubuhi tukaenda kwenye ofisi ya wakala wa tiketi ili atuwekee treni na hoteli. Ofisi ndogo, kaunta moja, viti vya wateja vimepangwa safu mbili zinazotazamana. Nilipokaa mimi palikuwa na nafasi moja tu, ya pembeni kabisa, yeye akakaa safu ya upande wa pili. Dada wa kaunta, mdogo kuliko binti yetu, akatuambia mtandao umekatika, tuwe na subira, huenda ikawa saa nzima.

Nikamtazama mume wangu, roho juu. Namjua akingojeshwa. Aliwahi kuupanga upya mstari wa hospitali, na mimi nimo ndani yake naumwa. Aliwahi kuingia nyuma ya kaunta ya posta akawaonyesha namna ya kupanga vifurushi. Sasa macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani, kisha kwenye zile karatasi zilizorundikwa ovyo mbele ya yule dada, kisha kwenye kile kimlango cha kuingilia ndani. Goti lilikuwa linacheza. Nikajiapiza kimoyomoyo kwamba akikivuka kile kimlango nanyanyuka naondoka, na safari imekufa, na sitaeleza kwa nini. Mdomo uliniwasha kumwita. Nikaung'ata.

Akasimama. Akaenda hadi kaunta. Nikakamata mkoba wangu.

Akamuuliza yule dada, kwa adabu, kama anaruhusiwa kusogeza kiti. Kisha akarudi, akanyanyua kiti chake kwenye ile safu nyingine, akakileta mpaka ubavuni kwangu, akakaa. Mikono hakujua aiweke wapi. Akaiweka magotini, akaitoa, akairudisha. Bega lake likanigusa na hakulitoa. Tukakaa hivyo muda mrefu.

"Ile safari yako ya kwanza," akasema mwishowe, bila kunitazama. "Ulipokwenda kumuuguza mama yako, mwaka ule tulipooana. Basi lilitoka saa kumi na mbili na dakika tano."

"Naikumbuka."

"Lilifika saa nane na nusu. Walinipigia simu, nikaweka alama. Uliporudi sikukuuliza." Akanigeukia. "Ilikuwaje?"

Sikutegemea swali hilo. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimebeba mimba ya binti yetu, na nilikuwa bado sijamwambia kwa sababu kila nikitaka kumwambia yuko kituoni. Nikamwambia nilitapika tangu kona za kwanza. Kwamba mama mmoja aliyekaa karibu nami alinishika kichwa njia nzima, akanifuta uso kwa kanga yake mwenyewe, na alikuwa mtu wa kwanza duniani kujua kwamba tunapata mtoto. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Niliona macho yake yamejaa, na sikuyakwepa.

Yule dada wa kaunta akatuita. Mtandao umerudi, tusogee.

Mume wangu hakugeuka. "Wahudumie kwanza walio nyuma yetu, mwanangu," akamwambia. Kisha akanisogelea zaidi.

"Enhe," akasema, "na yule mama aliteremkia wapi?"