Mstari wa Watu Saba

Wiki sita tulifundishwa kutembea kama mtu mmoja. Tulikuwa wasichana saba, mfupi mbele mrefu nyuma, mkono wa kila mmoja begani mwa mwenzake wa mbele. Majina tulinyang'anywa siku ya kwanza, tukabaki namba. Mimi nilikuwa Tano. Dada Mkubwa Yolanda Battiste, aliyekabidhiwa kutufunda mpaka tustahili kuvaa herufi tatu za Kigiriki za udada wao, chama cha wasichana wa vyuo, alikuwa na sheria aliyoipenda kuliko zote: hesabu hairuki. Akiita, Moja anataja namba yake, Mbili anafuata, na ole wake atakayefungua mdomo kabla aliye mbele yake hajataja yake. Siku moja Tatu alipaliwa, tukasimama juani kama vigingi mpaka koo lake likafunguka. Yolanda alitusifu sana siku hiyo.

Nne alikuwa Odessa Crum, na bega lake ndilo nililolishika wiki zote hizo. Alikuwa anaosha vyombo katika bwalo la chuo. Siku tatu kabla hatujatolewa hadharani kama wanachama wapya, Yolanda alimwambia aache kazi ile, kwa kuwa dada wa herufi zile hasukumi toroli la sahani chafu mbele za watu. Odessa akamjibu kwamba sahani hizo ndizo zinazomsomesha. Akaondolewa palepale, sisi tukapewa namba mpya. Mimi nikawa Nne. Tulinyamaza wote sita, na mimi nilinyamaza kuliko wote, maana mama yangu alikuwa dada wa herufi hizohizo na tangu nikiwa mtoto alingoja siku nitakayozivaa. Mpaka leo naona aibu.

Jumamosi adhuhuri uwanja wa mbele ya maktaba ulijaa pomoni. Vyama vingine vilikuja na rangi zao na fimbo zao kututania. Mama aliendesha gari tangu alfajiri kutoka mji wa Macon, akasimama mbele kabisa, zambarau tupu ya udada wao kuanzia kofia mpaka viatu. Tulitoka tumefunikwa nyuso kwa vitambaa, tukipiga miguu chini kwa pamoja, uwanja ukashangilia. Yolanda akaita hesabu.

Moja. Mbili. Tatu.

Ikawa zamu yangu. Mkono wangu ulikuwa kwenye bega la Tatu, bega lisilokuwa langu kulishika. Sikusema kitu. Kijana mmoja akanishauri nirudi darasa la kwanza nikajifunze kuhesabu, watu wakacheka. Wawili waliokuwa nyuma yangu nao hawakutoa sauti, kwa kuwa ndivyo walivyofundwa.

Yolanda akanisogelea, anatabasamu kwa ajili ya watazamaji.

"Sema nne, Rosalind. Mama yako yupo pale."

"Namuona."

"Basi sema, usituaibishe."

Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

"Nne yuko bwaloni, anaosha sahani mlizolia asubuhi," nikasema kwa sauti ya kufika mpaka maktaba. "Mwiteni yeye aseme."

Hakuna aliyecheka tena. Yolanda akaninong'oneza kwamba nikitoka pale, herufi zile nitaziona vifuani mwa wenzangu maisha yangu yote. Nikavua kitambaa changu nikamwekea mkononi. Wenzangu watano wakavua vyao, wakavitupa kwenye nyasi. Tukageuka, mikono mabegani, tukaenda bwaloni tukipiga miguu vilevile alivyotufunda yeye. Odessa alitutazama, mikono imejaa povu, akatwambia tusimkanyagie sakafu, ametoka kuipiga deki. Nilicheka huku nalia, nikaokota kitambaa cha kukaushia sahani.

Jioni nilimkuta mama garini, injini imezimwa. Nilijiandaa kwa matusi, na majibu yake nilikuwa nayo tayari. Hakunitukana. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani.

"Sisi tulikuwa tisa," akasema. "Mmoja aliondolewa, tukatoka wanane. Namba yake nilipewa mimi, na mimi niliisema."

Nikamuuliza yule msichana aliitwa nani.  Mama hakulikumbuka jina.