Sita Niliyompa Betri

…wala siyo kwamba sijui cha kumwambia, najua, ninacho hapa kooni tangu saa mbili alipoingia na bahasha yake kwapani, lakini napuliza chai iliyokwisha poa zamani, mtu mzima kupuliza chai baridi, ili mdomo uwe na shughuli, na mdogo wangu ameinamia fomu ya kazi, karani wa ghala la vipuri vya magari, amejaza jina, amejaza umri, thelathini na moja, anwani ameweka ya kwangu, shule, na sasa amefika kwenye mstari unaouliza kazi uliyowahi kufanya na hapo amekwama, kalamu iko hewani, analamba mdomo wa juu kama alivyokuwa akiulamba mbele ya hesabu za kugawanya… "Dada, hapa niandike mtengenezaji wa gemu au niache wazi? Wale wa ghala wataona huyu anakuja kucheza," anasema, anacheka, na mimi nacheka naye, ndiyo, nacheka, uso wangu unajua kazi yake hata nisipoutuma, tangu utotoni akicheka ananichekesha, tangu tulipomwita Betri kwa sababu hapakuwa na redio wala tochi wala saa ya ukutani iliyobaki na betri ndani ya nyumba ile, alizichomoa zote, mama akihitaji tochi anaita kwanza mtoto ndipo atafute tochi… na huyu Betri ndiye anayeuliza aache wazi, miaka minne ya maisha yake iwe mstari mtupu, na watu wakisikia watasema ni soko, soko gumu, soko halina huruma, kumbe soko lenyewe ndilo mimi hapa, nimekaa mezani na gauni la kulalia.

Sita kwa kumi, niliandika sita, mkono huu, na chini yake jina langu la kazini, Mizani, ndivyo wanavyoniita pale ofisini, kwa sababu miaka kumi na miwili nahakiki magemu ya katikati, yale makubwa yanayosubiriwa na dunia nzima wanapewa wakubwa, yale mabovu anapewa Bwana Nne, mwenzetu ambaye hajawahi kutoa zaidi ya nne na anajivunia, na mimi napewa yaliyobaki, yasiyokupa raha ya kupiga kelele wala hasira ya kuzima kompyuta, lina mazuri yake na lina mabaya yake, nusu ya hakiki zangu zinaanza hivyo, ningeweza kuziandika nikiwa nimelala, na sijawahi kulia kwa ajili ya hata moja mpaka hii… "Wanataka fomu ifike kabla ya saa sita," Betri anasema, "halafu Jumatatu naanza, viatu vyenyewe wanatoa wao," na mimi naitikia mm, viatu, vizuri, lakini niko kule kwenye kikao cha asubuhi miezi saba iliyopita, mhariri anasoma orodha, Maji Hayapandi, gemu lililotengenezwa na watu watatu, la fundi bomba wa kike ndani ya jengo la ghorofa kumi ambalo maji yamekatika, anauliza, "Kuna anayejuana na hawa watengenezaji? Aseme sasa," na Bwana Nne kabla hata sijavuta pumzi ameshanyoosha mkono, "Gemu la mabomba? Nipe mimi, nalimwaga chooni kabla ya chakula cha mchana," wakacheka wote, na mimi nikaona miaka minne ya mdogo wangu inamwagwa chooni na watu wanacheka, nikasema nipe mimi, hilo ni la katikati, hilo ni langu, na lile swali la kujuana nikalipita kimya kama mtu anavyompita mdai wake njiani, na naapa siku hiyo nilidhani namlinda.

Na nililicheza, hilo hakuna wa kuninyang'anya, nililicheza mwanzo mpaka mwisho, kwa muda wa saa tisa na dakika arobaini, pedi ya kuchezea mkononi na daftari pajani, na niliona kila kitu, kamera inakwama kwenye kona za ngazi mpaka unatazama ukuta badala ya bomba, ghorofa ya sita na ya saba zinafanana mno hata nikadhani nimerudi nilikotoka, spana inachukua muda kutoka mfukoni, na kusevu ulipofikia ni ndani ya lifti tu wakati lifti yenyewe nusu ya siku imeharibika, wazo la kuchekesha mara ya kwanza, mara ya tano ni adhabu… lakini ile sauti ya maji, Mungu wangu, unafungua koki ya ghorofa ya pili na kwanza hakuna kitu, halafu bomba linakohoa, linakohoa tena, halafu yanakuja, na mlango wa jirani unafunguka, na mwingine, watu wanatoka na ndoo wakiongea mambo yao, huyu anamsuta mkwe, yule anamdai mwenzake sahani, wanaongea kama watu, siyo kama vibao vya maelekezo, na mimi niliyezoea kuruka mazungumzo kwa kubofya nikakaa nasikiliza, na nikaandika saba, kwa haki kabisa, mchana kweupe, saba ambayo ningempa mtu yeyote nisiyemjua, lina mazuri yake na lina mabaya yake na mazuri yamezidi kidogo, saba, nikasoma tena uhakiki wangu na ulikuwa mzuri… "Au niandike 'kazi za kompyuta'?" anauliza, "Hiyo haimtishi mtu," na mimi nasema hiyo pia ni kweli, sauti yangu inatoka kavu, anasema kunywa chai yako, dada, umekaa nayo tu, nanywa.

Kwa hiyo ilikuwa saba mpaka saa kumi jioni, nikiwa nimeshaweka kidole juu ya kitufe cha kutuma ndipo nikawasikia wenzangu wa ofisini, hakukuwa na mtu lakini nikawasikia, siku moja watajua, jina la mama ni moja, sura ni moja, watasema Mizani, mizani gani, kampa ndugu yake saba, na nikaona kwamba saba kutoka kwa mtu mwingine ni saba lakini kutoka kwangu itakuwa damu, ila sita… nani atamshuku dada aliyempa mdogo wake sita, sita ni ushahidi kwamba sina upendeleo, nikafuta saba nikaandika sita, sekunde moja, niliokoa shingo yangu kwa alama moja ya mtoto niliyemlea, na kumbe haikuishia hapo, wanaofanya kazi hii wanajua, namba haishuki peke yake, ukishusha namba maneno nayo lazima yashuke yaifuate, la sivyo msomaji atauliza mbona unasifu hivi na umetoa sita, kwa hiyo nikarudi juu kutafuta kosa, mabaya ya kweli nilikuwa nimeshayataja yote, hayakutosha, nikalitafuta jingine nikalikosa, basi nikachukua kitu kizuri nikakiita kosa.

Nikachukua ghorofa ya tatu… hapana, sitaki kwenda huko sasa, yuko mbele yangu, atauona uso… lakini nimeshafika, fundi anagonga mlango wa ghorofa ya tatu, ametoka kuzibua mtaro, matope mpaka magotini, anafungua mwanamke mwenye kitambaa kichwani, na badala ya kuuliza habari za maji kama wengine wote anamtazama miguu anasema, "Ingia na matope yako. Sakafu nitaipiga deki kesho, wewe kesho sijui," na nilipoisikia niliweka pedi chini nikaenda kunawa uso, kwa sababu hayo ni maneno ya mama, neno kwa neno, alikuwa akituambia mlangoni mwaka ule wa mwisho wake, alipokuwa anaumwa na sisi hatujui, mimi nina miaka kumi na tisa, Betri ana tisa, na aliyempa Betri maneno hayo ni mimi mwenyewe, alinipigia simu akiwa katikati ya kulitengeneza gemu, "Dada, mama alikuwa anatuambia nini tukirudi na matope? Mimi sauti yake imenipotea kabisa," nikamwambia, nikayarudia mara mbili ili aandike, akashukuru, akakata simu… na hayo ndiyo niliyoyaona yanafaa kutolewa kafara, niliandika, nakumbuka kila neno, mwanamke wa ghorofa ya tatu hayaaminiki maneno yake, hakuna mama anayeongea hivi, mwenye gemu anatulazimisha kulia, na nikatuma, nikaenda nyumbani, nikala, nikalala vizuri tu, hilo ndilo linalonitisha, nililala vizuri.

Zilitoka hakiki nne tu, saba, saba, saba, na sita yangu, piga hesabu uone, sita na robo tatu, na rafu ya mbele ya lile duka la mtandaoni haipokei kitu chini ya saba, basi Maji Hayapandi likawekwa nyuma kule ambako hapiti mtu, baada ya miezi miwili mchoraji akaondoka, kisha fundi wa sauti, akabaki Betri na gemu la pili alilokuwa ameanza, na hakunilaumu hata siku moja, kikulacho ki nguoni mwako na mwenye nguo hana habari, anaikunja na kuivaa… "Ukiniona nimetulia usidhani naumia," anasema sasa, kalamu ameiegemeza kwenye shavu, "wale wengine waliotoa saba walinionea huruma, mtoto mpya, mpe moyo. Wewe peke yako ulinipa ya kweli. Msema kweli mpenzi wa Mungu, dada. Nikaona kama wewe unayenipenda umetoa sita, basi mkono wangu ndio hapo umefika. Nikirudi kupeleka hii fomu nalifuta na lile gemu la pili, linakula nafasi tu."

Analifuta na lile la pili… leo, mchana, nikimwacha tu afike mlangoni limefutwa, na nikisema, ninamwambia nini, kwamba mtu mmoja duniani ambaye yeye anaamini hakumdanganya ndiye aliyemdanganya peke yake, wale watatu walikuwa wakweli na mimi ndiye mwongo, nitamwachia nini basi, saba ya watu asiowajua na dada hana, hapa ana dada na kazi na viatu, huenda ukarani utamfaa, mshahara kila mwezi, atalala usiku, huenda nikinyamaza ndiyo huruma… naona ninavyofanya, naweka mazuri huku na mabaya kule, napima, hata hapa napima, mtoto anazama na dada yake anaandika uhakiki wa maji, aibu gani hii, na bado sisemi, naapa ningeendelea kunyamaza, najijua, ningemaliza kile kikombe nikamsindikiza mpaka mlangoni nikamwambia kila la heri, ningeweza kabisa.

"Na ile ya mama ulisema sawa," anasema, taratibu, hanitazami, anatazama mstari mtupu, "ilikuwa imezidi. Niliisoma mara nyingi ile sehemu. Nikafikiri labda hakuwa anasema hivyo. Labda nilikusikia vibaya kwenye simu, au nilitaka tu awe alisema. Basi nikaiacha."

Nikaiacha… ameiacha, alikuwa na kitu kimoja tu cha mama, mimi nina kicheko chake na hasira zake na namna alivyokuwa akifunga kitambaa, miaka kumi na tisa yote ninayo, yeye alikuwa na sentensi moja na mimi ndiye niliyempa na mimi ndiye niliyerudi kumnyang'anya, sikumwibia alama, alama ni upuuzi, nilimwambia mtoto wa miaka tisa aliyesimama mlangoni na matope yake kwamba hakuna mama anayeongea hivyo, na ameniamini, kwa sababu ni mimi, kwa sababu aliyekuwa akijua ni mimi peke yangu, hakuna mtu mwingine duniani wa kumuuliza… na najua nikisema atasimama, najua hatapaza sauti, Betri hapazi sauti, atachukua bahasha yake kwa utaratibu na pengine sitamwona kwenye meza hii mwaka, miwili, pengine atakuja kwenye msiba wangu, na hilo nimelipima na halina uzito wowote, kwa mara ya kwanza leo kitu hakina uzito, na yeye bado anasubiri jibu la fomu, "Eh, dada? Niache wazi?" na kikombe nimekiweka chini, na mdomo hauna kazi nyingine tena.

"Betri," nasema, "mama alisema. Mwongo ni mimi."