Mwenye Mikono

Habari za bango zilimfikia Musimbi kupitia kwa Lavender, jirani yake wa Laini Saba, siku aliyokuja kupunguziwa sketi.

"Mama Elvis, kumbe wewe ni staa na hutuambii? Nimekuona Kawangware. Uko kwa ukuta, mkubwa kuliko duka lenyewe!"

Musimbi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alikumbuka. Mwaka uliopita kijana mpiga picha, jina lake Eugene, alipita kando ya reli akitafuta nyuso za watu wa kawaida kwa ajili ya tangazo la mafuta ya kujipaka. Alimpa chupa aishike, akamwomba acheke, akampiga picha nyingi. Musimbi akatia sahihi, akalipwa, akarudi kwenye kazi yake. Hakutarajia kwamba picha ile ingetokea mahali.

"Nimekaaje?" aliuliza.

Lavender alifikiri kidogo. "Umekaa poa. Lakini... sijui. Enda ujionee."

Kesho yake Musimbi alifunga kibanda mapema, akatembea hadi Kawangware. Bango lilikuwa limefunika upande mzima wa jengo, juu ya duka la misumari na rangi. Alisimama ng'ambo ya barabara, akainua macho.

Uso ulikuwa wake. Mwanya wa meno ulikuwepo, na kile kidoa kando ya nyusi alichorithi kwa mama yake. Akashuka na macho taratibu mpaka kwenye chupa, na hapo akakwama. Kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto kimepinda tangu usichana wake kule Vihiga, siku kamba ya ng'ombe ilipokibana na kukivunja. Vidole vya ukutani vilikuwa virefu, vimenyooka vyote. Akavuka barabara, akanyanyua mkono wake na kuulinganisha na ule wa juu.

"Unapima nini, mama?" aliuliza mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi chini ya bango.

"Huyo ni mimi."

Muuza ndizi alimtazama, akatazama ukuta, akamrudia. "Uso nakubali. Hizo zingine, Mungu ndiye anajua."

Baadaye watu walimwambia Musimbi kwamba angepaswa kukasirika. Labda. Lakini kilichomshika pale kilikuwa hamu ya kujua. Mikono haioti ukutani. Kuna mtu anayetembea nayo mahali, anafua nayo, anakula nayo ugali, na pengine hajui kwamba imeshonewa kwenye mwili wa mtu mwingine. Akampigia Eugene simu.

"Aunty, usijam," Eugene alisema mara tu aliposikia neno bango. "Wenye kampuni ndio walisema hicho kidole kitafanya watu waangalie kidole, waache mafuta. Wakachukua mikono ya picha ingine."

"Sijakasirika. Nauliza ni ya nani."

"Hakuna mtu ashawahi kuniuliza hiyo," Eugene alisema. "Ni ya Wangeci. Anasuka nywele Gatina, si mbali na hapo uko."

Saluni yenyewe ilikuwa ya mabati, na wasusi kadhaa walikuwa kazini. Musimbi hakuuliza jina la mtu. Alisimama mlangoni akitazama mikono tu, na haikumchukua muda. Ile pale, ikipita haraka katika nywele za msichana wa shule, mirefu, imenyooka. Ndipo akainua macho amwone mwenyewe: mwanamke mnene, mabega mapana, mashavu yenye alama za chunusi za zamani. Musimbi akagundua kwamba njia nzima alikuwa akimtafuta msichana mwembamba, na akaona haya kidogo.

"Karibu, mum. Unasukwa?" yule mwanamke aliuliza, msichana wa shule alipoondoka.

Musimbi akajikuta ameketi. Mikono ikaingia kichwani mwake. Alikuwa ameidhania laini, kumbe kidole gumba kilikuwa na sugu la kuvuta nyuzi, na viganja vilikuwa vya moto, vyenye nguvu.

"Wewe ndiye Wangeci?"

"Ndio mimi. Nani alikuelekeza?"

"Eugene wa picha. Nimekuja kuona mikono yako."

Mikono ikasimama. Musimbi akageuka kwenye kiti, akamweleza yote, na kabla hajamaliza Wangeci alikuwa ameegemea ukuta kwa kicheko.

"Ngai! Wewe ndiye uso?"

"Mimi ndiye uso."

"Na vile nilijua ni msichana wa Kilimani, hajawahi kubeba mtungi wa maji!"

"Mimi nilidhani wewe ndiye hujawahi."

Wangeci akarudi kwenye nywele, akawa anaongea huku anasuka. Katika picha yeye alikuwa mikono siku zote: mikono inaosha vyombo, mikono inashika kikombe, mikono inakata mkate. Wakati wa kupigwa picha hufunikwa kitambaa cheusi mpaka kwenye vifundo vya mikono, ili sehemu nyingine isiingie.

"Siku moja niliuliza kama naweza kuonekana mimi pia. Yule mwenye kamera hakuwa mtu mbaya. Alinijibu tu, mwili wako ni mwingi kwa hii kazi." Alichukua chanuo, akalitazama kana kwamba limeandikwa kitu. "Nilienda nyumbani nikasimama mbele ya kioo, nikitafuta huo wingi uko wapi."

"Na bango hujaenda kuliona?"

"Nifanye nini huko? Nani anaenda kuangalia viganja vyake?"

Lakini nywele zilipokwisha alivua aproni, wakaenda pamoja. Wangeci alisimama chini ya bango, akakunja macho.

"Ni yangu kweli. Wametoa tu alama hii." Akamwonyesha kovu juu ya kifundo, alipoungua na maji moto ya kuchovyea ncha za nywele. Kisha akainamisha kichwa upande. "Sasa hiyo shingo, Mama Elvis? Mbona ndefu hivyo?"

"Shingo nilidhani ni yako pia."

"Yangu ndio hii!" Wangeci alivuta ukosi wa blauzi. Muuza ndizi alisogea kuhakikisha. Shingo haikuwa ya huyu wala ya yule. Mabega nayo vilevile.

Wakampigia Eugene tena, simu ikiwa kwenye spika.

"Hiyo shingo si ya mtu, aunty. Kompyuta ndiyo ilitengeneza."

"Lakini ni ya nani?"

"Haina mwenyewe."

Musimbi akashika shingo yake bila kujua anafanya hivyo.

"Na msichana wangu anajipaka hayo mafuta kila asubuhi," muuza ndizi alisema, "ndio awe na shingo kama hiyo." Hakuwa akicheka.

Musimbi aliwakumbuka wateja wanaomletea picha za wanamitindo kwenye simu: nishonee, ikae hivi. Nguo hukataa kukaa hivyo, na miaka yote amekuwa akiulaumu mkasi wake.

"Wewe ni fundi, si ndio?" Wangeci aliuliza walipokuwa wakiagana. "Mimi sijawahi kushonewa nguo. Huwa nachukua za mitumba zinazonitosha, si zile napenda."

"Kuja Jumapili."

Jumapili akaja baada ya kanisa, na kitambaa cha manjano chini ya kwapa. Musimbi alipozungusha tepu kiunoni, Wangeci akavuta tumbo ndani na kushikilia pumzi.

"Pumua," Musimbi alisema.

"Nikipumua itaongezeka."

"Wacha iongezeke. Kitambaa kipo."

Wangeci akapumua. Tepu ikateleza mbele, Musimbi akasoma pale ilipofika, akakata kwa kipimo hicho.

Gauni lilipokuwa tayari, Wangeci alilivaa palepale nyuma ya pazia, akatoka nje kwenye jua, akampa Musimbi simu yake. "Nipige yote," alisema. "Mpaka viatu."

Musimbi alirudi nyuma, akavuka mtaro, akazidi kurudi mpaka Wangeci akaingia mzima kwenye picha. Akapiga. Wangeci aliitazama ile picha kwa muda, akaikuza, akaipunguza, akamtumia mama yake kule Nyeri.

Jibu lilikuja upesi. Mama alitaka kujua ni fundi gani.