Sauti ya Mwongozo

Mimi si mtu wa kungoja. Kazini, katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, wananiita Mutanu wa Sasa Hivi, na jina hilo sijawahi kulionea haya. Kwa hiyo Badawi aliponiambia kuwa wimbo mmoja wa baba yangu ungechukua siku nne kutengenezwa, nilimuuliza kama anajenga nyumba.

Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu baba alikuwa aingie chumba cha upasuaji, na daktari alishatueleza bila kuficha: kisanduku cha sauti kingetolewa chote. Kuimba ndiyo basi. Mzee Musyoka, gadi mstaafu wa reli, mwalimu wa kwaya kwa miaka thelathini, aliomba kitu kimoja tu kabla ya siku hiyo. Alitaka kurekodi wimbo aliomtungia marehemu mama yetu, Ndinda. Sisi watoto hatukuwahi kuusikia.

Studio ya Badawi iko Mji wa Kale, ghorofani, juu ya fundi wa kofia. Baba alipanda ngazi akipumzika kila baada ya vidato vitatu, nami nyuma yake nikitazama saa. Badawi alitupokea kwa salamu ndefu: hali zetu, nyumbani, hadi majirani wetu wa Tononoka asiowajua. Nilimjibu nusunusu.

"Sikiza, dada," akaniambia. "Kwanda mzee ataimba papa hapa kwenye kiti, sauti ya mwongozo. Hiyo yanionyesha mwendo wa wimbo na mahali sauti yake inapokaa. Usiku nauvisha ngoma na kinanda. Kesho aingia kwenye kile kibanda, aimbe sauti yenyewe. Kisha vitikio, kisha nachanganya, kisha nasafisha."

"Na hii ya leo?"

"Ya leo hutupwa."

"Sasa kwa nini aiimbe yote?"

"Nijue wimbo wafika wapi, dada yangu. Fundi hakati nguo asiyoipima."

Badawi hufanya kazi baina ya adhana, na ya alasiri ilikuwa karibu. Akazima feni, akamvisha baba vidude vya masikioni, akampa ishara.

Baba akaimba. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa yake. Alimwimbia mama habari za nyumbani, ubeti mmoja kwa kila mtoto, kwa kufuata kuzaliwa. Ndinda, Dancan wako sasa ana mvi. Griffins bado anaficha nyama chini ya ugali. Trizah amerithi miguu yako, anatembea kabla hajaamua aendako. Badawi alicheka kimyakimya. Mimi mguu ulikuwa ukipigapiga sakafu, wenyewe, kama kawaida yake.

Baada ya Trizah baba alinyamaza avute pumzi. Akakohoa, akajishika koo.

"Baba, inatosha," nikasema. "Hii ni ya kutupwa. Weka akiba ya sauti."

"Mwache amalize," Badawi akasema.

Nilikuwa nimeshasimama, funguo mkononi. Nitasema kweli: niliogopa sauti ile isije ikaisha kabla ya kesho. Lakini pia tuktuk ilikuwa ikitungoja Makadara, na nilikuwa nimechoka kukaa. Baba alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga.

"Sawa, mama," akasema. Ndivyo anavyoniita.

Ijumaa akaingia kibandani. Muziki ulikuwa mzuri mno hata nikasahau saa. Baba akafungua mdomo, ikatoka hewa. Tukampa maji ya tangawizi na asali. Hewa. Jumamosi tukarudi, akajaribu hadi shingo ikamsimama mishipa, na Badawi akazima mashine yeye mwenyewe. Baba akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu.

Jumapili alasiri Badawi aliniita peke yangu. Alikuwa ameichukua ile ya kutupwa, akaisafisha, akaiweka juu ya ngoma na kinanda. Akauwasha wimbo: akaja Dancan. Akaja Griffins. Akaja Trizah. Pumzi, kikohozi, kisha sauti ya mwanamke mwenye haraka: "Baba, inatosha. Hii ni ya kutupwa."

Badawi hakunitazama. "Nyinyi mko wangapi kwenu?"

"Wanne," nikasema. "Mimi ndiye kitindamimba."

Sikumbuki nililia kwa muda gani. Badawi alinifungia mlango, akashuka kwa fundi wa kofia, akarudi na chai.

"Naweza kuukata hapo," akasema, "uishie kwa Trizah."

"Nitoe mimi. Lakini muziki uache uendelee, ubeti mzima."

"Bila ya mtu?"

"Bila ya mtu."

Siku ya kumi baada ya upasuaji, hospitalini, nilimwekea baba kidude kimoja cha simu sikioni, cha pili nikavaa mimi. Shingo yake ilikuwa imefungwa bandeji. Alisikiliza macho yamefumbwa, akitikisa kidole. Trizah alipokwisha, ngoma ikabaki peke yake, na baba akafumbua macho. Midomo ikaanza kwenda.

Aliuimba ubeti wote, akiinua nyusi kila mahali pa kuinua sauti, na hapakusikika kitu. Nilisoma jina langu midomoni mwake. Yaliyofuata yalinipita, na aliyaimba akitabasamu.

Nikampa kalamu na karatasi. Akavisukuma kando, akainyooshea simu kidole: rudisha.

Muuguzi alisimama mlangoni akasema saa ya kuona wagonjwa imekwisha. Nikamwambia angoje. Nikaurudisha wimbo mwanzo, kwa Dancan, nikasogeza kiti karibu na uso wa baba.